Maneno Aliyosema Bibi Tekla Mara Tatu

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole kama ng'ombe wa plau jioni. Herufi l na r mpaka leo hunichanganya, na kuna maneno nimeyafuta nikayaandika tena mpaka karatasi ikatoboka. Dada Edna ameahidi kuzichapa kurasa hizi na kunyoosha palipopinda. Nimemwomba anyooshe herufi tu, niliyosema ayaache kama yalivyo. Yeye sasa anafundisha chuo kikuu, na angeweza kuiandika habari hii kwa siku moja, vizuri kuliko mimi. Nilipomwambia hivyo akajibu kwamba ameshaiandika mara moja, kitaalamu, na Bibi Tekla hayumo.

Tulimzika Bibi Tekla mwezi uliopita hapa Ngokolo. Edna alikuja kwa basi la usiku, akaingia jikoni bila kupumzika, akakaa nami kusugua masufuria ya matanga. Ana mvi kidogo juu ya masikio. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, lakini tulikaa kimya vilevile kama tulivyozoea kukaa zamani, mimi nikisugua, yeye akisuuza. Waombolezaji hawakuwa wengi. Walikuwepo majirani wa mtaa wetu, wanawake wa jumuiya, na mzee mmoja wa kuchimba kaburi aliyeuliza, "Ndugu wa marehemu wako wapi?" nasi tukamwonyesha sisi wenyewe. Kule kwao, nje ya Rwamgasa, nilikuwa nimepiga simu kwa mtoto wa dada yake kuuliza kama tumlete. Akasema, "Dada Mbuke, mzikeni hukohuko. Msituletee." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumza huku mtu mwingine amesimama nyuma yake.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa msichana wa kazi za ndani hapahapa Ngokolo, na nilikuwa mwoga wa watu kiasi kwamba dukani nilionyesha kitu kwa kidole. Sitaeleza kwa nini nilikijua Kisumbwa ingawa mimi ni Msukuma. Inatosha kusema nililelewa na watu waliokisema. Edna alikuwa amepanga chumba cha uani katika nyumba niliyofanyia kazi. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya isimu, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia. Wasichana kadhaa walikuja kujaribiwa. Walikaa sebuleni, wakacheka, wakaeleza habari zao zote. Mimi nilikuwa napita na chai. Edna akaniuliza, "Nawe unakijua?" Nikatikisa kichwa kuitikia. "Tangu nimehamia hapa sijasikia sauti yako," akasema. "Wale wengine wataongea ndani ya rekodi zangu. Nenda kafungashe."

Njiani alinieleza kazi. Alisema kila neno lina mwendo wake, sauti hupanda na kushuka ndani yake, na Wasumbwa hawajui kwamba wanaupandisha na kuushusha kama vile mtu hajui anavyopumua. Yeye alitaka kuupima mwendo huo kabla haujapotea, kwa sababu vijana wengi wa kule walikuwa wameshahamia kwenye Kiswahili na Kisukuma. Alihitaji mtu mzima aliyezaliwa na lugha yake, mwenye meno ya kutosha. Alihitaji pia ukimya. Profesa wake alikuwa mkali wa jambo hilo. Nilimsikia mara nyingi akinguruma ndani ya simu: "Rekodi yenye kelele ni sawa na hujakwenda." Kwa hiyo ukimya ndio tuliokwenda kuutafuta, tukaenda kuutafuta kwenye machimbo.

Bibi Tekla alikuwa Msumbwa aliyezaliwa palepale, kabla ya dhahabu kuleta watu wa kila kabila. Alikuwa mjane, watoto wake wamezikwa, mkavu wa mwili, mkali wa maneno, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jiko kama ya wanawake wengi wa umri wake. Alitupa chumba kimoja cha nyumba kubwa. Ng'ambo ya uzio wa minyaa aliishi Shija, mchimbaji, na mkewe Mama Kulwa, na watoto wao pacha, Kulwa na Doto, ambao walikuwa wakipita penye upenyo wa uzio kuja kula michembe yetu, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Ilikuwa michembe ya kuchemsha na karanga, tamu, na Bibi aliwapa kwa mkono akiwatukana kwa upendo. "Njooni, mafisi yangu. Mama yenu hapiki?" Mama Kulwa alikuwa akijibu kutoka upande wa pili, "Anapika, Bibi, ila wanasema chakula chako kina sukari ya uzee." Nakumbuka kicheko chake. Naandika hili kwanza ili msije mkadhani tulifikia mahali penye chuki. Tulifikia mahali penye majirani.

Shida ilikuwa karasha. Kulikuwa na mashine za kusagia mawe karibu kabisa, na zilianza kunguruma kabla jua halijapanda, zikanyamaza giza likiingia. Rekodi za wiki ya kwanza zilikuwa takataka tupu. Edna alizisikiliza na hedifoni zake huku ameuma mdomo. Tukatafuta mahali penye kuta nene, tukapata kibanda cha jiko la zamani cha Bibi, cha udongo, kisicho na mwangwi mkubwa. Tukatundika godoro dirishani. Tukaning'iniza mablanketi mlangoni. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku wasije wakawika karibu, kisha kuingia na kufunga. Humo ndani mlikuwa na giza, na taa ndogo nyekundu ya kinasa sauti iliwaka mezani. Bibi alipoingia mara ya kwanza alisimama akatazama yale mablanketi, akasema, "Haya. Mnanizika nikiwa mzima."

Hata hivyo karasha zilipenya. Siku pekee ambayo zililala ilikuwa Jumapili. Bibi alikuwa mtu wa kanisa, alikuwa na kiti chake upande wa kina mama, na nilimwona akisita. "Padre huja mara moja kwa mwezi," akasema mwishowe. "Akija yeye nitakwenda. Katekista nimeshamsikia vya kutosha." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu wote wakienda kusali, kijiji kikiwa kitupu, mwanamke mzee alikuwa anajifungia gizani na wageni wawili. Sikuliona hivyo wakati ule. Niliona tu kwamba ukimya ulikuwa mzuri, hata mbuzi walisikika wakicheua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Edna alikuwa na orodha ya maneno ambayo wanaisimu huanza nayo kila wanapokwenda, maneno ambayo kila lugha duniani inayo. Mimi nilinong'ona neno kwa Kiswahili, Bibi akalisema kwa Kisumbwa mara tatu. Siku zote mara tatu. Bibi aliuliza sababu, Edna akamwambia, "Mara ya kwanza mtu analitafuta neno, Bibi. Ya pili analisema. Ya tatu ameshalichoka. Mimi napima la katikati."

"Kwa hiyo mengine mawili natupa?"

"Hatuyatupi. Yanalilinda la katikati."

Bibi alilipenda jibu hilo. Alikaa wima kwenye kigoda, mikono magotini, akasema maneno yake bila haraka, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake wakirudi zizini. Tulianza na mimi, wewe, sisi. Tukaenda kwenye wanyama, tukaenda kwenye mwili. Ngozi. Nyama. Damu. Mfupa. Nywele. Jicho. Kucha. Mguu. Goti. Ini. Sijui kama mmewahi kusikia maneno ya namna hiyo yakisemwa mara tatu na sauti ya mzee kutoka nyuma ya godoro. Mimi nilikuwa ndani, nilijua ni kazi ya shule, na bado siku moja nywele za mkononi zilinisimama, nikajicheka.

Jumapili hiyohiyo nilitoka kwenda kuchota maji ya kunywa, nikamkuta Mama Kulwa amesimama ukutani. Alikuwa amewahi kutoka kanisani kwa sababu Kulwa alikuwa na homa, akaja kuazima ungo. Ungo ulikuwa umetundikwa pale nje, karibu na mkono wake. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama."

"Mnamsemesha nini Bibi?" akauliza.

"Maneno."

"Maneno ya nini?"

Hapo ndipo mtu mwingine angeeleza. Angesema habari za chuo, za profesa, za sauti kupanda na kushuka. Mimi nilitazama ndoo yangu. Nikasema, "Ya shule." Akanitazama, akatazama blanketi la mlangoni, akaondoka. Ungo aliuacha palepale ukutani.

Katikati ya juma lile, gogo moja la kuegemeza ukuta wa duara la Shija liliteleza, jiwe likamwangukia. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na magogo yake hayakubadilishwa kwa wakati kwa sababu mwamba wenye dhahabu ulikuwa umepotea na tajiri wa shimo alikuwa hataki kutoa kitu. Kila mchimbaji alijua hivyo. Walimleta kwa pikipiki, wamemkalisha katikati ya watu wawili, mguu umefungwa kwenye vipande vya mbao. Ulivunjika chini ya goti. Nilikuwa uani nikianika nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa, nikasikia Mama Kulwa akilia, kisha akanyamaza ghafla, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa Kisukuma, yale maneno, kwa mpangilio wake, mpaka mfupa, mpaka mguu, mpaka goti. Kisumbwa na Kisukuma ni ndugu. Alikuwa ameyaelewa yote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kimyakimya. Kwenye bomba la maji wanawake walinipisha foleni ili niondoke upesi. Mmoja, mchekeshaji wa pale, alinisalimia, "Karani wa Bibi, hujambo? Jumapili hii mko kwenye kiungo gani? Nijue cha kufunika." Wenzake walicheka, lakini mwingine alivuta khanga akamfunika mtoto wake kichwa. Kijana wa maziwa hakupita tena kwetu. Pacha wa jirani walipopenya uzio, waliitwa kwa ukali, na kesho yake upenyo ulikuwa umezibwa kwa miiba. Bibi aliitazama ile miiba mpya asubuhi, mkono mmoja umeshika bakuli la michembe. Akaenda akawapa kuku.

Nilimwambia Edna. Mwanzoni alicheka, kisha akaichukua orodha kuangalia tulikoishia, akasoma yaliyofuata kwa Jumapili inayokuja. Kufa. Kuua. Kupigana. Kuchimba. Nilimwona akikaa chini taratibu. Alimpigia profesa, na yule mzee mkali, ambaye nilikuwa nimemchukia bure, hakuuliza habari za rekodi. Aliuliza, "Huyo mama analala wapi? Mlango wake una kitasa?" Akamwambia asimamishe kazi.

Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na dagaa, watatu, mlango umefungwa mapema. Edna alimweleza Bibi kila kitu, akamwomba msamaha. Bibi aliendelea kula. Akasema, "Nilikuwa na rafiki kijiji cha pili. Ndiye aliyekuwa akinisuka. Mwaka mmoja ng'ombe walikufa, na mpiga ramli akaambiwa aonyeshe, akaonyesha." Akanawa mikono. "Tangu hapo najisuka mwenyewe." Edna akamwambia tuondoke kesho yake. Bibi akauliza, "Niende wapi? Nilikuwa hapa kabla ya dhahabu yao. Nikikimbia, nimekiri." Kwenye bomba nilikuwa nimeshasikia kwamba familia ya Shija imemwita mpiga ramli, naye atafika Jumamosi. Kila mtu alijua atakachoonyesha. Ilibaki kutaja jina tu.

Edna akaenda kwa Mzee Masanja, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ambaye mchana alitengeneza pikipiki na daima alikuwa na mafuta mikononi. Akakubali kuitisha mkutano Ijumaa alasiri, uwanjani penye karasha. Akaamuru mashine zizimwe. Nakumbuka zilivyonyamaza moja baada ya moja, na jinsi ule ukimya, ambao tulikuwa tumeutafuta wiki zote zile, ulivyotufikia ukiwa umebeba watu wote wa kijiji. Bibi alikaa mbele kwenye kigoda chake mwenyewe. Shija aliletwa akiwa kitandani, wakaweka kitanda kivulini.

Edna alieleza vizuri. Alisema ni mwanafunzi, akaonyesha kibali, akaeleza kwamba maneno hayo huulizwa kila mahali duniani. Kisha akafungua kinasa sauti ili wasikie kwamba hakuna kitu. Sauti ya Bibi ikatoka kwenye spika ndogo, mara tatu, mara tatu, huku Bibi mwenyewe amekaa pale midomo imefumba. Sikupenda nilivyowaona watu wakimtazama ule mdomo.

Mama Kulwa akasimama. Alizungumza kwa heshima. "Mwalimu, usituone washamba. Simu tunazo, kurekodi tunajua. Mimi nina maswali tu. Kwa nini mnafunga dirisha? Kwa nini saa ya ibada? Kwa nini mara tatu? Na dunia hii ina maneno mengi, mahindi, harusi, baiskeli. Kwa nini mmechagua hayo?"

Edna alijibu swali moja moja, na kila jibu lilikuwa la kweli. Karasha. Mwangwi. La katikati hupimwa. Ni maneno ya zamani, lugha haiyaazimi kwa jirani. Niliwatazama watu, nikaona kwamba kila ukweli ulipofika kwao ulikuwa umegeuka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo mnatafuta yale ya zamani." Kukapita mnong'ono.

Sijui nilisimamaje. Ninachokumbuka ni kwamba karatasi ya orodha ilikuwa mkononi mwa Edna, kisha ikawa mkononi mwangu, na nilikuwa nimesimama mbele ya watu wengi kuliko niliowahi kusema nao maishani. Nikaanza kuyasema mwenyewe, kwa Kisumbwa. Mimi, mara tatu. Wewe, mara tatu. Sisi. Nilifikiri hivi: kama ni uchawi, basi ninao na mimi, na kama tukiyasema wote, hautakuwa wa mtu mmoja. Nikafika kwenye mwili. Ngozi, damu, mfupa. Nikaenda mbele ya Mama Kulwa, nikamwambia, "Mama, kwa Kisukuma mnasemaje mguu? Nisaidie kusema."

Hakunijibu. Lakini Doto alikuwa amekaa miguuni pake, na Doto alikuwa mtoto aliyezoea kujibu. Alidhani ni mchezo. "Kugulu," akasema, kwa sauti nzuri ya kengele. Watu wachache wakatabasamu. Nikamtikisia kichwa kumtia moyo. "Kugulu," akasema tena. Akafungua kinywa kwa mara ya tatu, na mkono wa mama yake ukashuka ukamfunika mdomo.

Mkono ule haukuwa wa hasira. Ulishuka kama unavyomdaka mtoto anayetaka kuanguka kwenye moto. Uwanja mzima uliuona. Doto alitutazama juu ya vidole vya mama yake, macho makubwa, na Mzee Masanja akasimama, akafuta mikono yake kwa kitambaa na kusema, "Mmesikia wenyewe. Ni kazi ya shule. Tawanyikeni."

Jua halijazama alikuja kwa Bibi. Hakukaa. "Nimewaambia ni kazi ya shule, na mimi naamini hivyo," akasema. "Lakini mliuona ule mkono?"

Bibi akasema, "Niliuona."

"Yule mama hakuchukii, Bibi. Anaogopa. Mwenye chuki naweza kumfunga kamba. Mwenye hofu sina cha kumfanya. Kesho mpiga ramli anakuja. Kuna lori la mbao linakwenda Isaka alfajiri, dereva ni mtu wangu."

Bibi alibishana naye kidogo kwa Kisumbwa, kwa sauti ya chini, na nilielewa kwamba hawakuwa wanabishana juu ya kuondoka. Alikuwa anamwomba awatunzie makaburi ya watoto wake. Masanja aliinamisha kichwa akaitikia.

Alfajiri Bibi alichukua sufuria, rozari, nguo za kanisani na kuku mmoja. Alifunga mlango kwa kufuli, tukatembea hatua chache, kisha akarudi akafungua na kuuacha wazi. "Wakikuta kufuli watadhani kuna kitu," akasema. Kwa upande wa jirani tulisikia Shija akikohoa. Tulipopita penye uzio Bibi alipunguza mwendo, nadhani kwa mazoea, kwa sababu saa ile pacha huwa wanaamka. Hakuna aliyetoka. Lori lilituchukua, na tulifika Isaka tukiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Pale, katikati ya malori yanayosubiri mizigo ya magharibi, tulikunywa chai kwa mama lishe. Yule mama alimuuliza Bibi atakula nini, na kwa sababu ya kelele za injini hakusikia jibu. Akauliza tena. Bibi akanyamaza. "Bibi, hajasikia, rudia," nikamwambia. Akasema, "Nimeshasema."

Hivyo ndivyo alivyoishi kwa miaka yote iliyobaki. Edna alimpangia chumba hapa Ngokolo, mimi nikahamia naye, na baadaye nikaolewa na kuachika na kurudi kwake. Alikuwa mchangamfu kiasi, alitukana kuku kama zamani, lakini hakulirudia neno tena. Ulimsikia mara ya kwanza au hukumsikia. Watu wa mtaa walidhani ana kiburi. Kisumbwa alikuwa na mtu mmoja wa kusema naye, nami nilijifunza kusikiliza kwa haraka.

Mzee Masanja alipiga simu wiki chache baada ya sisi kuondoka. Kibanda cha jiko kilikuwa kimechomwa. Godoro letu lilikuwa bado dirishani, likaungua nacho. Shija alikuwa anaendelea vizuri, akasema, ameanza kukanyaga chini. Nilifurahi sana, nikamwambia Bibi, "Unaona, mguu unapona, sasa watajua hukuwa wewe." Bibi aliniangalia kwa huruma, kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyehesabu vibaya. Alikuwa ameshaelewa. Shija alipona baada ya Bibi kuondoka, na kupona kwake kukawa ushahidi. Kama angekufa wangesema ni Bibi, na alivyopona wakasema ni Bibi. Nimefikiria jambo hilo nikikaanga maandazi asubuhi nyingi, na sijapata mlango wa kutokea.

Edna alimaliza shahada yake kwa wasemaji wengine wa sehemu nyingine, aliowarekodi nje, mchana, katikati ya watu, na profesa akazikubali rekodi zenye majogoo. Zile za Bibi alizitumia pia. Alileta kitabu kimefungwa vizuri, cha bluu. Bibi alikipapasa. "Nimo humu?"

"Umo, Bibi. Wewe ni Msemaji wa Kwanza."

"Na jina langu?"

"Halimo. Tumelificha kwa usalama wako."

Bibi alikirudisha mezani akakisogeza kidogo kisianguke. "Kule wana jina langu bila maneno yangu," akasema. "Huku mna maneno yangu bila jina." Kisha akauliza kama kuna chai.

Orodha haikumalizika, kama mlivyoelewa. Yalibaki maneno ya Jumapili ambayo haikufika. Mwaka huu, Bibi alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliniita akauliza yamebaki yapi. Karatasi ile nilikuwa nayo, imekunjwa mpaka imechanika mikunjoni. Nikamsomea moja moja kwa Kiswahili, kwa kunong'ona, kama zamani, akayajibu yote. Aliyasema mara moja moja. Simu yangu ilikuwa mkononi lakini sikuiwasha. Edna aliponiuliza pale kwenye masufuria kama Bibi aliwahi kuyasema, nilimwambia ndiyo, na kwamba ninayo kichwani, na kwamba nitamwambia akitaka. Alisuuza sahani mbili tatu kabla ya kujibu. Akasema nisimwambie yeye kwanza. Niwaandikie wao.

Basi nawaandikia ninyi wa kule. Sikutaja kijiji, wenyewe mtajijua. Macho yangu nami yameanza kuwa mekundu kwa moshi wa mafuta, na juzi mtoto wa jirani aliyekuja kununua maandazi aliniangalia usoni kisha akaangalia chini. Nataka kujua nisubiri nini. Niambieni, mkimtaja Bibi Tekla mnasemaje? Mnawaambia watoto wenu nini juu ya pale palipoungua? Mzee Masanja simpati tena kwenye simu. Kuna mtu anayafyeka yale makaburi? Mama Kulwa, kama upo, ungo uliokuja kuazima hukuuchukua siku ile, na sikukulaumu jana wala leo. Nawe Doto, sasa ni mtu mzima, huenda una mtoto wako. Niandikie unachokumbuka kuhusu ule mkono. Anwani Edna ataiweka chini ya ukurasa. Msiogope mwandiko mbaya, mmeuona wangu. Wala msihangaike kueleza sana. Semeni mara moja tu, nitasikia.